Disketi Tatu Juu ya Meko

Ndugu zangu wa Mpanda, sogeeni karibu. Hii hadithi haina simba wala sungura, ina mume, mke, binti na vidude vitatu vyeusi vinavyotosha kiganjani. Ukijiona humo ndani, wahi kujicheka mwenyewe, maana jirani yako akianza yeye hatajua pa kuishia.

Mwezi wa sita mwaka 1997, pale Magamba, palikuwa na nyumba ambayo ungepita jioni ukaionea wivu. Mahindi yalikuwa yameingia ghalani. Ng'ombe wawili wa kulimia, Shujaa na Pamba, walikuwa wanacheua zizini kama wazee waliomaliza kikao. Marsela, Mpimbwe wa Kibaoni aliyeolewa hapo Magamba, alikuwa amekaa kwenye mkeka na binti yake Monika wakichagua mahindi ya mbegu. Yale mazuri waliyafunga mawili mawili kwa maganda yake, wakayatundika kwenye uchaga wa jikoni, juu kabisa ya mafiga, moshi uyapige na dumuzi ayaogope. Kwao hapakuwa na mahali salama kuliko hapo. Fedha za sadaka, cheti cha ubatizo, mbegu za maboga, vyote vililelewa na moshi.

Nusu ya mbegu Marsela aliitia kwenye kapu.

"Hizi kesho nazipeleka kwa dada Lucia," alisema.

Mume wake, Isidori, mwalimu wa shule ya msingi, aliinua macho kwenye gazeti lake la mwezi uliopita. "Mama Monika, kila mwaka wewe unabeba zako kwenda kwa Lucia, na Lucia anabeba zake kuja hapa. Si kila mtu angebaki na zake, mkapumzisha shingo?"

"Na jiko likiungua?"

"Litaungua lini?"

"La marehemu mama liliungua siku ya ubatizo wangu, watu wakiwa wanacheza ngoma. Mwaka ule tulipanda mbegu zilizokuwa kwa shangazi. Mbegu hailali nyumba moja, Baba Monika."

Isidori akacheka, Monika akacheka, hata Marsela akacheka. Huo ndio ulikuwa mwisho wa kucheka pamoja nyumba ile, nawaambieni mapema msije mkanidai baadaye.

Wiki hiyohiyo tangazo lilibandikwa mjini. Chuo kikuu kimoja, jina lake tuliache lipumzike, kilikuwa kinaleta Mpanda kozi ya utangulizi ya kompyuta na teknolojia ya habari. Miezi minane, wanafunzi kumi na wawili, kompyuta mbili na jenereta moja katika ukumbi wa kanisa. Mwishoni kila mwanafunzi angeonyesha kazi yake hadharani. Na shirika moja la misaada pale mjini lilikuwa limesema wazi: tunahitaji mtu mmoja, yule atakayefanya vizuri kuliko wote, na mshahara wa mwezi wa kwanza atapewa siku hiyohiyo.

"Huyo mtu ni mimi," Isidori alisema. "Na Monika akichaguliwa sekondari, mshahara wangu wa kwanza ndio utakaomvusha."

Monika alikuwa darasa la saba, na kichwa chake kilikuwa kizuri. Marsela alimtazama binti yake, akawatazama Shujaa na Pamba, akajua nani atauzwa kulipia ada ya kozi. Hakupinga. Msimu uliofuata jembe la kukokotwa lilibaki limeegemea ukuta, mama na mwana wakashika majembe ya mkono.

Basi kozi ikaanza, na Isidori akaanza kupanda juu kama moshi. Alinunua kalamu tatu akazichomeka mfukoni kwa mstari. Alizungumza maneno ambayo hata padri hakuyajua. Siku moja alieleza kwamba kompyuta huendeshwa kwa kushika panya.

"Panya?" Marsela alishtuka. "Sisi huku tunawatafutia sumu!"

"Ndiyo maana wewe uko jikoni," Isidori alijibu. Safari hii aliyecheka ni mmoja.

Kitabu cha kozi alikifungia kwenye sanduku la bati chumbani. Monika alikikuta mezani mara moja, akafungua ukurasa wa kwanza, akapokonywa kabla hajamaliza mstari. "Huu si usomi wa kitoto! Nenda kachote maji."

Mwaka wa shule ulipokaribia kwisha, aliacha chaki kabisa. Akaandika barua ya kuacha kazi ya ualimu. "Mtu wa kompyuta hafuti ubao," alisema. Ndugu msomaji, umewahi kumwona mtu anayechoma ngazi akiwa bado katikati ya kupanda? Huyo ndiye Isidori.

Mwanafunzi mwenzake alikuwa Kashinje, Msukuma aliyehamia na ng'ombe wa baba yake, bwana mifugo msaidizi, mtu wa maneno machache na baiskeli yenye kelele. Asubuhi moja alifika Magamba.

"Mwangaluka, shemeji," alimsalimu Marsela. "Mwalimu yupo?"

Isidori alikuwa chumbani. Alimpungia mke wake mkono kupitia pazia: sema sipo.

"Ametoka kidogo," Marsela alisema, uso ukimwaka kwa aibu, maana viatu vya Isidori vilikuwa mlangoni vikimtazama mgeni.

Kashinje aliviona, akajifanya hakuviona. "Mwambie nimekuja mara ya tatu. Mwalimu wetu alisema siku ya kwanza: kazi yako iweke nakala mbili, moja kaa nayo, moja mpe mwenzako. Yako ikiharibika, yake ipo. Mimi nakala yangu ninayo hapa, nataka tubadilishane."

"Kumbe ni kama mbegu!" Marsela alisema.

"Ehe! Hasa, shemeji. Kama mbegu."

Alipoondoka, Isidori alitoka akiwa amevimba. "Mchunga ng'ombe yule anataka kunakili kazi yangu! Unajua nimeandika nini mle? Majina ya watoto wote wa shule yetu, alama zao za miaka saba, kila kitu kimepangwa. Nikimaliza kuandika naifuta kwenye mashine ya ukumbini, asibaki mtu na hata herufi. Yote iko kwenye disketi zangu tatu, vile vidude vyeusi vinavyobeba maandishi ya kompyuta, na disketi ziko kwenye sanduku langu."

"Sasa Baba Monika, hivyo vidude hutunzwaje? Vinaogopa nini?"

"Mama Monika," alisema polepole, kama anayeongea na kuku, "wewe tunza mahindi."

Marsela akarudi jikoni kama mtu aliyefungiwa mlango.  

Mwezi wa kumi na mbili majina yakatoka. Monika amechaguliwa, sekondari ya wasichana ya bweni! Marsela alilia akiwa ameshika jembe. Mwezi wa kwanza ulipofika mvua zilikuwa hazielezeki, zile ambazo mpaka leo watu wazima wakizitaja hushusha sauti. Barabara zilikatika, na shule ikawapa wanafunzi wa mbali muda mpaka mwisho wa mwezi wa pili. Baada ya hapo, barua ilisema, nafasi itapewa mwingine. Siku ya kuonyesha kazi ukumbini ilikuwa siku nne kabla ya mwisho huo. Kwa hiyo kila kitu cha Monika, vitabu, sare na kitanda cha bweni, kilikuwa ndani ya zile disketi.

Wiki mbili za mwisho Isidori alilala mjini kwa rafiki, ili awahi zamu ya kompyuta kujifunza maswali. Disketi aliziacha nyumbani. Mjini, alisema, kuna Kashinje.

Siku ya tatu ya kuondoka kwake, mchana, mvua ilikuja na upepo. Marsela alisikia mlio kama mtu anayeguna, kisha ukuta wa chumbani, ule wa tofali mbichi, ukalala chini. Maji yakaingia kama wageni wa msiba, bila kubisha hodi. Godoro likaloa. Kitenge chake cha kwenda misa kikaloa. Lakini Marsela hakushika godoro wala kitenge. Alirukia sanduku la bati, akakuta maji yameshapenya kwenye kifuniko, akalivunja kufuli kwa jembe.

"Mama, baba atakuua!" Monika alipiga kelele.

"Aniue kazi yake ikiwa kavu!"

Alizikung'uta disketi, akazifuta kwa upindo wa khanga yake, akatazama huku na huku. Nyumba nzima ilikuwa inavuja. Sehemu moja tu ilikuwa kavu. Ndugu zangu, ninyi mnajua alizipeleka wapi. Mngekuwa nyie mngezipeleka wapi? Alizifunga kwenye kitambaa safi, akaziweka kwenye kapu, akalitundika kapu kwenye uchaga, katikati ya mahindi ya mbegu. Kisha akakoka moto mkubwa, ili unyevu ulioziingia ukauke. Kwa siku kumi na moja alikoka moto ule asubuhi na jioni, na kila alipochochea alisema, "Mungu, mtunzie binti yangu."

Siku yenyewe ya kuonyesha kazi, alfajiri, Isidori aliingia na baiskeli ya kuazima, jasho na matope. Aliona ukuta, akaona sanduku limevunjwa.

"Nimeziokoa," Marsela alisema kwa fahari, akamkabidhi kitambaa.

"Mbona zinanuka moshi?"

"Si ndiko palikokuwa pakavu?"

Hakuwa na muda wa kuuliza zaidi. Alizitia mfukoni nyuma ya zile kalamu tatu, akaondoka. Hakumwambia mke wake aje. Marsela na Monika walikwenda kwa miguu wakakanyaga matope asubuhi nzima, wakafika, wakasimama dirishani nje ya ukumbi.

Mwalimu wa kozi alikuwa dada kijana, jina lake Goreth, aliyekuwa akija kwa treni kutoka Tabora. Kashinje alikuwa ametangulia, orodha yake ya ng'ombe na chanjo zao ikapigiwa makofi. Kisha akaitwa Isidori. Alisimama kifua mbele. Goreth akasukuma disketi ya kwanza ndani ya kompyuta. Mashine ilikoroma, ikakwaruza, ikanyamaza. Akaitoa, akaitazama: plastiki imejikunja, masizi kama sufuria. Ya pili, hivyo hivyo. Ya tatu haikuingia hata kidogo.

"Mwalimu Isidori, zilitunzwa wapi hizi?"

"Kwenye sanduku langu. Nimezifungia mwenyewe."

Marsela hakuweza kuvumilia. "Hapana, mwalimu!" alisema kupitia dirisha. "Ukuta ulianguka, sanduku likaingia maji. Niliziweka juu ya meko, penye moshi, na mbegu. Siku kumi na moja!"

Ukumbi ulilipuka kwa kicheko. Walicheka mpaka waliokuwa nyuma wakasimama ili wamwone. Monika akajificha nyuma ya mama yake. Goreth hakucheka.

"Joto linaziua, mama," alisema taratibu. "Hukuambiwa?"

"Niliuliza. Niliambiwa nitunze mahindi."

Kicheko kikakatika. Goreth akamgeukia Isidori. "Nakala ya pili iko wapi? Ya mwenzako?"

Isidori akapapasa kalamu zake. Kashinje alitazama viatu vyake. "Nilikwenda mara tatu, mwalimu," alisema kwa sauti ndogo.

"Mwalimu, sisi mbegu zetu nusu hulala kwa dada yangu," Marsela alisema, akidhani labda bado kuna mlango. "Na hizi, hakuna hata moja iliyolala kwa mtu?"

Goreth alimtazama mwanamke yule mwenye matope mpaka magotini. "Mama," alisema, "hilo ndilo lilikuwa somo la kwanza la kozi hii. Wewe ulilijua." Kisha akaandika kitu kwenye karatasi yake, na kila mtu alijua alichoandika.

Kazi ya shirika alipewa Kashinje. Na alistahili.

Isidori hakumpiga mke wake. Pengine ingekuwa heri angegomba. Alikaa siku tatu akitazama mahali ukuta ulipokuwa, siku ya nne akasema, "Nakwenda Tabora kuwaona wakubwa wa chuo wanipe nafasi nyingine." Akapanda treni na kalamu zake. Barua ilikuja moja, haina anwani. Baada ya hapo hata hiyo moja haikupata mdogo wake, wala yeye hakurudi.

Mwezi wa pili ukaisha. Marsela aliomba karo kanisani, akaiomba kwa ndugu Kibaoni, lakini mvua ilikuwa imewanyang'anya wote kwa usawa. Nafasi ya Monika ikaenda kwa mtoto mwingine. Mbegu za uchagani zilikaangika kwa moto uleule; zilizokuwa kwa Lucia zilipona, msimu ulipofika zikapandwa, zikaota vizuri sana. Lakini bila Shujaa na Pamba, mikono minne hulima sehemu ndogo tu ya shamba. Kwingine kote nyasi zililingana na kimo cha Monika.

Siku moja Marsela alimkuta binti yake jikoni ameshika ile disketi iliyojikunja kuliko zote.

"Mama, jina langu lilikuwemo humu?"

"Lilikuwemo. Na alama zako zote."

Monika aliipuliza masizi, akaigeuza akitafuta herufi. Hapakuwa na herufi. Akafunika nayo kopo la chumvi. Bado ipo pale, na chumvi haiingiwi na mdudu. Hiyo ndiyo kazi pekee ambayo ile kozi ya miezi minane imewahi kufanya katika nyumba ile.

FUNZO LA KUBEBA NYUMBANI

Ndugu zangu, msiseme kompyuta ni mbaya. Msiseme pia kwamba Marsela alikuwa mjinga, maana mjinga ni yule aliyeulizwa akakataa kujibu. Elimu unayoificha mke wako, mtoto wako na mwenzako darasani inabaki nyumba moja, na nyumba moja huanguka. Wewe baba uliyesoma, leo jioni mweleze mtu wa nyumbani kwako kile unachokijua, hata kama atauliza swali la panya. Na yule unayemwona hajui kitu, muulize anatunzaje mbegu zake. Isidori angeuliza, Monika angekuwa anasoma.