Mikindu Iliyofunguliwa Kamba

Kila siku baada ya shule, msichana ambaye mtaa mzima ulimwita Chapuchapu alipitia kibandani kwa mama yake kusuka vikapu. Hakujua kufanya jambo lolote polepole. Hata shangazi yake, aliyezeekea kwenye kazi hiyo, alikuwa haoni ndani kwa kasi ya vidole vyake.

Ukindu wa kusukia, yaani majani ya mkindu, ulitoka bondeni nyuma ya nyumba. Kila mkindu ulikatwa kuti moja changa tu, kisha mkataji akaufunga kamba nyembamba. Hakuna aliyeugusa tena mpaka kamba ioze kwa mvua na jua, ianguke yenyewe.

Siku moja mwenye duka la vikapu alikuja.

"Mama, vikapu vyako vinagombaniwa. Mwezi ujao niletee mara mbili. Ukishindwa, nitatafuta wengine."

"Miti ina kamba," mama alijibu. "Nitakupa nini?"

"Kwani kamba haifunguliki?" alitania, akaenda zake.

Shangazi alicheka. Chapuchapu hakucheka, kwa sababu alimwona mama ameacha kusuka. Aliogopa watampoteza mteja wao mkubwa.

Jumamosi asubuhi, mama alipokwenda sokoni, Chapuchapu aliingia bondeni na kisu. Alifungua kamba za mikindu sita, akaikata makuti. Mitatu kati yake ilikuwa na makuti mafupi mno, basi akazamisha kisu ndani mpaka akafikia kiini cheupe, laini. Hakujua kuwa majani yote huanzia hapo. Kamba alizitupa chini ili zionekane zimeanguka zenyewe.

Ukindu ulipokauka, shangazi aliukunja, ukakatika.

"Huu haujakomaa. Umeutoa wapi?"

"Kwenye mikindu ya chini. Kamba zilikuwa zimeanguka, shangazi."

"Zote kwa pamoja? Nilizifunga mwenyewe juzijuzi. Usiniuzie mbuzi kwenye gunia, mwanangu."

Chapuchapu alijaribu kutabasamu, akashindwa, machozi yakamtoka. Akasema yote.

"Nilitaka tusimpoteze mwenye duka," alimalizia.

Mama, aliyekuwa amesikia yote, hakugomba. Alimshika mkono wakaenda bondeni. Ile mikindu mitatu ilikuwa na tundu katikati, na majani yake ya ndani yalianza kunyauka. Chapuchapu aliona aibu na huzuni kwa pamoja.

"Kesho twende dukani," mama alisema. "Utamweleza wewe mwenyewe."

Kesho yake Chapuchapu alisimama mbele ya mwenye duka.

"Mjomba, mara mbili haiwezekani. Nilijaribu, nikaharibu miti."

Mwenye duka alikuna kichwa. Nyuma yake kulikuwa na rundo la vikapu vilivyokatika vishikio.

"Na hivi?" Chapuchapu aliuliza.

"Wateja wanaviacha hapa wakinunua vipya. Nitavitupa."

"Tupe sisi tuvitengeneze. Kishikio kinakula ukindu kidogo sana."

"Nani atataka kikapu cha zamani?"

"Mwenye kikapu chake," mama alidakia. "Jaribu mwezi mmoja tu."

Mwezi ulipokwisha, mwenye duka alikuwa ametundika vikapu vilivyotengenezwa karibu na mlango, na watu walimletea vingine kutoka majumbani. Mama na shangazi walikuwa na kazi ya kutosha, na hakuna aliyehitaji kukata kuti la ziada. Habari za kutafuta wasukaji wengine mwenye duka hakuzirudia.

Mvua ziliponyesha, mkindu mmoja kati ya ile mitatu ulichipua pembeni. Miwili ilikufa. Mama na Chapuchapu waliing'oa wakapanda miche minne.

"Biashara yetu si lazima inenepe kila mwaka," mama alisema akishindilia udongo. "Lazima iwepo mwakani. Tunachukua kile ambacho bonde linaweza kurudisha. Tukikosea, tunasema ukweli, kisha tunatengeneza."

"Hii tutaikata lini, mama?"

"Mimi huenda nisiikate. Utakuja wewe na mwanao, umwonyeshe pa kuishia kisu."