Kengele Iliyozibwa kwa Sufu

Kila asubuhi ya likizo Leandra alitoka na kondoo kabla jua halijagusa vilele vya misonobari. Alikunywa uji wake wa mahindi ya buluu akiwa amesimama, akavaa koti la marehemu babu yake lililomfika magotini, akamwita mbwa, akafungua zizi. Wa kwanza kutoka alikuwa beberu mkubwa mweupe mwenye kengele shingoni. Mjomba Harrison alimpa jina Mwenyekiti, kwa sababu alitembea mbele ya watu wake ameinua kidevu na hakusikiliza neno la mtu. Kondoo walimfuata popote alipokwenda. Kondoo ni mnyama mwema, lakini akili ameiazima kwa mbuzi, ndiyo maana huku kwetu hakuna kundi lisilo na mbuzi.

Bibi Desbah aliketi mlangoni mwa kibanda cha mlimani, akisokota sufu na kusikiliza. Macho yake yalikuwa yamechoka, lakini masikio yalikuwa mazima. Kengele ikilia upande wa misonobari, alijua kundi liko misonobari. Ikilia kisimani, alijua wanakunywa maji. Hakuhitaji kuinuka.

Wiki ile shule ilikuwa imefungwa. Majani yalikuwa yanapukutika, na jirani wote walikwisha kushusha mifugo yao tambarare. Bibi alichelewa kwa sababu pikapu ya Mjomba, mwanawe, ilikuwa gereji. Kondoo wale hawakuwa mapambo. Nyama ilitoka kwao, na sufu ya mazulia aliyofuma Bibi ilitoka kwao. Hata viatu vya shule vya Leandra vilitoka migongoni mwao.

Kulikuwa na sehemu moja Bibi aliyoikataza kabisa: mgongo wa mawe ulio juu ya korongo. Alisema upepo wa pale humsukuma kondoo mahali asipopataka. Lakini ni pale tu simu ilipokamata mtandao, na Leandra alitaka kuzungumza na rafiki yake Kiana. Basi siku ya pili ya likizo aliokota sufu iliyonasa kwenye miiba, akaishindilia ndani ya kengele mpaka ulimi wake ukakwama. Kisha akalipeleka kundi kwenye mgongo wa mawe kimyakimya.

"Habari za huko, mama kondoo?" Kiana alimtania kwenye simu.

"Nyamaza wewe. Mechi tulishinda?"

"Tushinde wapi na wewe hupo? Tumefungwa hadi aibu. Kocha kaniuliza uko wapi, nikamwambia umehamia kwa mbuzi."

Leandra alicheka mpaka machozi yakamtoka. Jioni aliitoa sufu njiani, na alipokuwa anafunga zizi, Bibi alimwambia, "Leo sikusikia kengele mchana."

"Walilala kivulini, Bibi. Walikuwa wanacheua."

"Mchana kutwa?"

"Walishiba sana."

Usiku ule redio ilitangaza kwamba hewa baridi inashuka kutoka kaskazini, na kesho jioni kutakuwa na dhoruba, mvua kubwa na theluji milimani. Mjomba naye alituma ujumbe kupitia redio hiyo hiyo kwamba pikapu imepona, atafika asubuhi washushe kundi wote pamoja.

"Kesho usiende mbali," Bibi alisema. "Mwanangu akifika tu, tunashuka."

"Sawa, Bibi."

Asubuhi Leandra alikwenda kwenye mgongo wa mawe. Alijiambia ni mara moja tu, amuage Kiana kisha arudi. Kengele aliiziba tena njiani. Njia ya mwongo ni fupi, na yake ilikuwa inafikia mwisho bila yeye kujua.

Dhoruba haikungoja jioni. Mbingu upande wa kaskazini iligeuka nyeusi kama sufuria, upepo ukavuma, na kabla Leandra hajamaliza kuongea, umeme ukapasua msonobari ng'ambo ya korongo. Simu ilimponyoka. Alimwita Mwenyekiti, lakini upepo ulilirudisha jina mdomoni mwake. Akapiga mbio kwenda kibandani, akawaacha kondoo na mbwa pale pale juu.

"Umewaacha wapi?" Bibi aliuliza.

Ulimi wa Leandra ulijibu kabla yeye hajafikiri. "Kwenye misonobari, Bibi. Mbwa yuko nao."

"Vizuri. Pale wana kinga. Keti."

Kwetu radi ikipita, watu huketi chini wakanyamaza. Hakuna kula, hakuna kucheka, hakuna kuzungukazunguka. Ni heshima, na kila mtoto anaijua. Leandra aliketi kwenye ngozi ya kondoo, mikono mapajani, na kimya kile kikamfaa. Nani angemlaumu mtoto aliyenyamaza wakati wa radi? Mvua ilipiga bati, mtaro nje ukajaa maji mekundu, na Bibi alikuwa ameinamisha kichwa upande mmoja. Alikuwa anasikiliza kengele.

Ngurumo zilipohamia mbali, mvua iligeuka theluji. Wingu lilikaa juu ya mlima hata zizi halikuonekana kutoka mlangoni. Mjomba Harrison alitokea akitembea kwa miguu, matope hadi kiunoni, kwa kuwa pikapu ilikwama chini njiani.

"Wako wapi, Mama?"

"Misonobari. Tusikilize, kengele itatupeleka."

Wakaenda misonobarini wote watatu. Hakukuwa na nyayo wala kinyesi kipya. Mjomba aliita, wakasimama, wakasikiliza. Walisogea, wakasimama tena. Bibi alikuwa amevaa sketi yake ndefu ya kila siku, na maji ya theluji yalipanda kwenye kitambaa mpaka ikawa nzito kiasi cha kumwangusha. Midomo yake ilikuwa imebadilika rangi.

"Mama, rudi ndani," Mjomba alimwambia.

"Nikirudi, nani atasikia? Wewe masikio yako yameharibiwa na mashine. Nenda kisimani, mimi nitabaki hapa. Mwenyekiti hawezi kunyamaza muda wote huu."

Mjomba akaenda kisimani, upande usio na kondoo hata mmoja. Leandra alibaki na Bibi. Alimwona mwanamke mzee akiondoa kitambaa cha kichwa ili masikio yawe wazi, theluji ikimwangukia kwenye mvi, akingoja sauti ambayo haikuwepo. Leandra alitaka kufa. Aliona kwamba akisema atachukiwa, na asiposema, bibi yake atasimama pale mpaka aanguke. Muda ulipita. Mjomba alirudi mikono mitupu, akasema sasa ataelekea bonde la chini, mbali zaidi.

"Mjomba, usiende," Leandra alisema. Sauti yake ilikuwa ndogo. "Kengele haitalia. Niliiziba kwa sufu. Hawako huku. Niliwaacha kwenye mgongo wa mawe."

Mjomba alimtazama kama hamjui. "Tangu saa ngapi tuko hapa, we mtoto? Tangu saa ngapi?"

Leandra alijikunyata ndani ya koti la babu yake.

"Mwache," Bibi alisema huku akijifunga kitambaa kwa vidole visivyokunjika. "Upepo unatoka kaskazini. Watakuwa wamesukumwa kwenye korongo. Twendeni."

Waliwakuta chini ya mgongo wa mawe. Kondoo akipigwa na dhoruba huupa upepo kisogo na kutembea, na mbele yao palikuwa na ukingo. Wa kwanza waliporomoka, wa nyuma wakawafuata. Walilundikana kwenye korongo, wengine ndani ya maji, wengine wamefunikwa na theluji, na wale wa chini walikuwa wamekosa hewa kwa uzito wa ndugu zao. Mjomba aliwavuta mmoja mmoja kwa miguu. Baadhi walikuwa bado na joto. Mmoja alipumua mikononi mwa Leandra, akamtazama, kisha akaacha kupumua.

Mwenyekiti alikuwa hai, amesimama chini ya mwamba uliojitokeza pamoja na mbwa na kikundi kidogo cha kondoo waliomfuata. Wangetosha kukaa kwenye kona moja ya zizi. Bibi alipita kati ya wafu akigusa kila kichwa. Aliwajua kwa sura, na wengine aliwataja kwa jina. Hakulia. Leandra aliomba moyoni kwamba alie, au ampige, au aseme lolote.

Waliwashusha waliobaki kabla giza halijaingia. Kesho yake, nyumbani tambarare, mvua ilikuwa imeisha na mlima ulikuwa mweupe kote. Fremu ya kufumia ilisimama ukutani, na mwaka ule hakukuwa na sufu ya kutosha hata zulia moja. Bibi alikohoa sana alipoketi karibu na jiko. Leandra alipiga magoti mbele yake.

"Nisamehe, Bibi."

"Nitakuambia kitu, na usikisahau," Bibi alisema. "Kuna kimya cha heshima, na kuna kimya cha kujificha. Jana uliketi kando yangu, nikadhani tumenyamaza pamoja. Kumbe nilikuwa peke yangu."

Leandra alilia kwa kwikwi.

"Kuna kondoo waliouawa na dhoruba," Bibi aliendelea. "Na kuna waliokufa wakati tunasikiliza kengele uliyoiziba. Sijui ni wepi. Wewe pia hutajua kamwe. Ungesema mlangoni ulipoingia, ningekukaripia, basi, na tungewahi. Ukikosea, sema siku hiyo hiyo, midomo ikiwa inatetemeka, lakini sema. Ukweli uliochelewa bado ni ukweli, ila hauokoi mtu."

"Ndiyo, Bibi."

Bibi alivuta blanketi mabegani. "Kesho asubuhi utawatoa wewe."

Leandra aliinua uso. "Mimi? Baada ya haya?"

"Nani mwingine? Kondoo hawajui ulilofanya. Mimi najua, na bado nakutuma."