Maneno Kumi Kila Jumamosi

"Kwa hiyo mimi nimepitwa na wakati?"

Fundi friji aliinua kichwa kutoka nyuma ya jokofu alilokuwa analitengeneza. Mpenzi wake, mkalimani, alisimama mlangoni mwa karakana. Simu mkononi, macho mekundu.

"Mpenzi, mbona sikuelewi?"

"Soma. Soma mwenyewe ulichonitumia asubuhi."

Akajifuta mikono kwa tambara, akasoma: "My love for you is redundant. You are an obsolete woman."

Akatabasamu mpaka jino la mwisho. "Imekugusa, eh?"

"Imenigusa? Miaka miwili nakupenda, leo unaniambia penzi lako halihitajiki tena na mimi ni wa kutupwa stoo! Tena kwa meseji!"

Tabasamu likakatika. "Hapana! Redundant si kufurika? Na obsolete si mwanamke wa kipekee?"

"Nani kakudanganya hivyo?"

"Karani wa ofisini kwenu."

Fundi akashindwa kuendelea kuficha, akaeleza yote. Hospitali ilikuwa inatafuta msimamizi wa majokofu ya chanjo, na usaili ni wa Kiingereza. Cha kuombea maji alikuwa nacho. Alitaka kile kizito, cha watu wa ofisini. Kumwomba yeye, ambaye Kiingereza ndicho kinachomlisha, aliona aibu. Karani akajitolea: maneno kumi kila Jumamosi, miezi mitatu sasa.

"Nilitaka nikushtue siku nikipata kazi," alisema kwa sauti ndogo.

"Lete daftari alilokuandikia."

Mkalimani alikaa juu ya kreti, akaanza kupitia ukurasa kwa ukurasa. Mwanzoni maneno yalikuwa sawa. Ghafla kalamu ikasimama.

"Negligent. Hapa ameandika 'makini sana'."

"Hilo ndilo nitakalofungulia usaili kesho saa tatu! I am a negligent technician."

"Ungewaambia wewe ni fundi mzembe."

Fundi akakaa chini, sakafuni palepale.

Mkalimani akampigia karani simu, akaweka spika.

"Samahani kaka, negligent kwa Kiswahili tunasemaje?"

"Mzembe," karani alijibu akicheka. "Hata wewe unaniuliza?"

"Na obsolete?"

"Kilichopitwa na wakati. Kwani leo una nini? Nimekuona umenuna ofisini. Yule fundi wako kakuudhi? Nimekwambia siku nyingi, wewe unahitaji mtu wa kiwango chako."

"Mbona kwenye daftari lake negligent umeandika makini?"

"Ule... ulikuwa utani tu."

"Kesho angeingia kwenye usaili na huo utani wako!"

"Nilikuona mimi kwanza!" karani akafoka. "Kabla hajaja kutengeneza friji la ofisini!"

"Mimi siyo kiti cha kwenye basi, bwana, kwamba anayewahi ndiye anayekaa."

Akakata. Fundi alimtazama kwa woga.

"Umenisamehe?"

"Sijui. Kwa nini ulimwonea haya mtu anayekupenda, ukamwamini yule?"

"Niliogopa utaniona mjinga."

"Mjinga anajifunza maneno mia na ishirini huku anabeba makompresa?" Akapiga kreti kofi. "Simama! Bado mapema. Makini sana ni meticulous. Haya, meticulous!"

"Makini sana?"

"Enhe! Usilimeze kama kidonge. Litumie kwenye kazi yako."

"I am... meticulous when I check the gas."

"Endelea! Obsolete!"

Fundi akageuka, akalinyooshea kidole friji bovu pembeni. "This fridge is obsolete. Not my girlfriend!"

Mkalimani akaangua kicheko, machozi bado yako mashavuni. Maneno yenye sumu walihesabu kumi na manne. Kila moja walilifuta, wakaandika maana yake, kisha fundi akalitungia sentensi kwa sauti kubwa mpaka fundi cherehani wa jirani akachungulia kuuliza kama kuna mkutano.

Kesho yake, saa nne kasoro, mkalimani alikuwa anazunguka kwenye korido ya hospitali. Mlango ukafunguliwa. Fundi akatoka, shati limemlowa mgongoni.

"Vipi?"

"Wameniuliza umeme ukikatika chanjo naziokoaje. Nikatiririka! Kuna neno moja tu lilinipotea, nikalizunguka kwa maneno madogo, wakaelewa."

"Halafu?"

"Naanza tarehe moja!"

Mkalimani akaruka, akamkumbatia shingoni.

"Subiri," fundi alisema akihema. "Mama mmoja kaniuliza meticulous nimeitoa wapi. Nikamjibu, kwa mwanamke ninayetaka kumuoa."

Mkalimani akamwachia, akarudi nyuma hatua moja. "Umewaambia wao kabla yangu?"

"Ulimi uliteleza."

"Basi niambie na mimi. Kwa Kiswahili."

Mbele ya wasaili watatu fundi hakuogopa hivi.

"Nataka tuoane. Nataka nikikosea neno, uwe wewe wa kunisahihisha."

"Ndiyo!" Alipiga kelele kiasi kwamba muuguzi akatoka mbio kwenye chumba cha pili.

"Nani mgonjwa hapa?"

"Hakuna mgonjwa, dada," mkalimani alisema, akicheka na kulia pamoja. "Tunaoana."