Sauti Mnarani

Kundi la tembo lilikuwa likishuka kutoka msitu wa miombo kuelekea mashamba ya mpunga, mnara uliponguruma. Watu hawakusikia kitu, ila mtetemo kifuani. Tembo walisimama ghafla, wakatandaza masikio, wakageuka.

Mtambo uliofungwa mnarani uliitwa kiigasauti. Mhandisi Namsifu Mbwambo aliuunda useme na tembo kwa mngurumo wao wa chini, usionaswa na sikio la binadamu. Sauti ilikuwa ya jike kiongozi wa kundi, aliyekufa kiangazi kilichopita. Akili bandia iliichambua mpaka ikatunga miito ambayo mwenyewe hakuwahi kuitoa.

"Wamegeuka bila hata risasi moja," alisema Ngonyani, askari wa hifadhi.

Lakini tembo hawakurudi msituni. Walikuja mnarani, wakauzunguka, wakawa wanapapasa vyuma kwa mikonga. Mto ulikuwa ng'ambo ya mashamba, jua kali, nao hawakubanduka. Kesho yake ndama mmoja alianguka kwa kiu.

Namsifu aliuagiza mtambo uwaite waondoke. Sauti ikasema twendeni. Tembo wakaitikia, wakangoja, maana sauti haikutembea.

"Wanamsubiri atoke humo," Ngonyani akasema.

Namsifu akampigia simu Bi Mandawa, mwenyekiti wa kijiji.

"Shikamoo mama. Nazima mtambo. Watapita mashambani kwenda mtoni. Tafadhali ondoa watu."

"Na mpunga, mwanangu?"

"Wataukanyaga."

"Watu nitawaondoa. Lakini uje mwenyewe uwaeleze watakula nini."

Namsifu akauzima mtambo. Tembo walisimama pale hadi jua likapoa. Kisha jike mmoja akamwinua ndama kwa mkonga, wengine wakamfuata, wakakata katikati ya mpunga mpaka majini.

Asubuhi Namsifu alisimama mbele ya wanakijiji. Aliahidi chakula, akaomba radhi, akaeleza mtambo ulivyofanya kazi. Hakuna aliyemfokea. Mwanamke mmoja aliyevaa kaniki akanyanyua mkono.

"Mume wangu tumemzika juzi. Sauti yake imo kwenye simu yangu. Huo mtambo wako unaweza kumsemesha?"

Namsifu alijua ingekuwa kazi ya nusu siku tu.

"Unaweza, dada."

Mwanamke akaitazama simu iliyokuwa mkononi mwake, akaifunga kwenye pindo la kaniki.

"Basi usije ukanifanyia," akasema, akaenda kuinua mashuke ya mpunga yaliyolala.