Mama wa Romania Kwenye Kiti cha Studio

Haya yalimpata rafiki yangu Akolong, anayepiga picha za pasipoti pale mtaa wa Wabera, na mpaka leo akiyasimulia hukasirika kwanza.

Peris, katekista wa kanisa lao, alimletea mchoro wa zamani ulioachwa na daktari mzee kutoka Romania. Daktari alikuwa amefariki, na ndugu zake huko kwao walitaka picha ya mchoro huo kabla ya mazishi kesho yake. Nyuma umeandikwa 1911. Mbele ni mama wa nguo nyeusi, ameinamisha kichwa, anatazama mikono yake.

Akolong aliusimamisha kwenye kiti cha wateja, akafunga mapazia, studio ikawa giza, akawasha taa yake. Akapiga. Fremu ya mchoro ilitoka safi, mikono safi, uso ukungu mtupu. Akafuta lenzi. Uso ukungu. Akaazima simu ya Peris, mambo ni yale yale. Na kila akibonyeza, kiti kililia kidogo, kama mtu anajigeuza.

Mara ya kumi na moja jasho likamwingia machoni. Akafoka vile huwafokea wateja kila siku: "Mama, wacha kutingika. Inua kichwa. Angalia hapa."

Kiti kililia, kikanyamaza. Akapiga.

"Hiyo sasa imetoka," akamwambia Peris, akampa kamera.

Peris akaipokea. Aliangalia mchoro pale kitini, ambapo mama bado alikuwa ameinama. Kisha akarudi kwa kamera, ambapo mama yule yule alikuwa ameinua kichwa, anawaangalia.