Kuku wa Wangui Wapata Ua

Kila asubuhi, Wangui alifungua kibanda cha kuku kabla ya kupika chai jikoni. Alikuwa na kuku kumi na watano wa kienyeji. Wote walitokana na tetea mmoja aliyepewa na mama yake. Walitoka wakikimbizana, wakasambaa kila mahali: nyuma ya choo, chini ya tangi la maji, ndani ya mahindi. Wangui alimjua kila mmoja kwa rangi na kwa tabia.

Wangui, mumewe Kang'ethe na mtoto wao Lewis waliishi Ndabibi, karibu na ziwa. Jirani yao wa karibu alikuwa Jemutai, mjane ambaye watu walimwita Mama Kibii. Jemutai alilima sukuma wiki na kuiuza sokoni. Kati ya mashamba yao kulikuwa na kijia tu.

Siku moja mwezi wa Aprili, Wangui alisikia kuku wake wakilia upande wa Jemutai. Alikimbia kuangalia. Kitalu cha miche ya sukuma wiki kilikuwa kimechakurwa chote. Miche ililala mizizi juu. Jemutai alisimama kando, mikono kiunoni.

"Mama Kibii, pole sana," Wangui alisema. "Sijui hata nikuambie nini."

"Hii ni mara ya tatu, Mama Lewis," Jemutai alijibu.

Hakupaza sauti. Hilo lilimuuma Wangui zaidi kuliko matusi.

Kesho yake Kang'ethe alijenga ua. Alichukua waya wa zamani uliokuwa umezungushiwa ndama. Alisimamisha vijiti, akaufunga, na kufikia jioni kazi ilikuwa imekwisha.

"Sasa wametulia," alisema.

Hawakutulia. Siku ya pili mwewe alishuka akanyakua kifaranga. Siku ya tatu, Wangui alikuta shimo chini ya waya. Nguchiro alikuwa amechimba na kuingia. Matetea wawili walikuwa wamekufa. Wangui aliketi chini akalia.

"Tuwauze wote," Kang'ethe alisema kwa upole. "Hawa kuku wanatuvunjia ujirani, na bado tunawapoteza."

Wangui alikuwa akimwangalia Jemutai, ambaye alikuwa anavuka kijia na sururu begani. Alidhani leo ni ugomvi.

"Nimesikia nguchiro amewatembelea," Jemutai alisema. "Nimekuja kuuona huo ua."

Aliuzunguka polepole. Alitikisa kijiti kimoja, kikalala. Kisha alipiga magoti, akapitisha ngumi yake nzima kwenye tundu la waya.

"Baba Lewis, waya huu unazuia ndama. Hauzuii kifaranga. Wa kuku ni ule wenye matundu madogo, hata kidole gumba kisipite."

"Na huyu anayechimba?" Wangui aliuliza.

"Udongo wetu hapa ni mwepesi kama unga. Nguchiro anauchimba bila jasho. Kwa hivyo tunachimba mtaro, kina cha futi moja. Waya unaingia chini, halafu unaukunja kuelekea nje. Akichimba, anakutana na waya. Huyo mnyama hana akili ya kurudi nyuma aanzie mbali."

Kang'ethe alikuna kichwa. "Mama Kibii, haya uliyajulia wapi?"

"Nilijenga ua kwenye ranchi miaka kumi na moja. Wanaume tisa, na mimi."

"Na tumekuwa majirani miaka sita yote hiyo!"

"Hukuniuliza," Jemutai alisema, na kwa mara ya kwanza siku hiyo akacheka.

Kang'ethe alinunua waya unaofaa. Jemutai alipima kwa hatua zake: nane kwa urefu, sita kwa upana.

"Mbona mkubwa hivyo?" Wangui aliuliza.

"Kuku wakibanana wanadonoana na kuugua. Na tutaugawa katikati. Mwezi huu wanakaa upande mmoja, mwezi ujao upande wa pili. Nyasi zinapata kupumua."

Alichagua mahali palipoinuka kidogo, ili maji ya mvua yasituame. Alihakikisha kuna mti wa kivuli. Nguzo za mkaratusi zilizama futi mbili, zikashindiliwa kwa mawe. Ua ulipanda futi sita. Juu, walitandaza nyavu kuukuu walizopata kwa wavuvi wa ziwani, ili mwewe asishuke. Kona moja Jemutai alimwaga majivu na mchanga mkavu.

"Hapa wataoga vumbi," alieleza. "Ndivyo wanavyojitoa utitiri."

Wangui alimwangalia akifanya kazi. Jemutai alikuwa na miaka hamsini na minane. Alivuta waya mpaka ukalia kama uzi wa gitaa, akaushika kwa goti, akapigilia misumari ya U bila kukosea hata mmoja. Kang'ethe alipochoka, yeye alibadilisha mkono tu akaendelea.

Siku ya pili ya ujenzi, wakiwa wameketi kunywa chai, Wangui alishindwa kuvumilia.

"Mama Kibii, kuku wangu wamekuharibia mara tatu. Kwa nini unatusaidia?"

Jemutai alipuliza chai yake.

"Ningeweza kuja kuwagombeza kila wiki," alisema. "Kugombeza kungenichosha. Ua nitajenga mara moja tu."

Siku ya tatu walifunga mlango, wakawaingiza kuku.

Wiki iliyofuata, Wangui aliona udongo umechakurwa nje ya ua. Nguchiro alikuwa amejaribu sehemu nne. Zote zilikomea kwenye waya. Ndani, kuku walikuwa wakila bila wasiwasi.

Kufikia Agosti, matetea walitaga kwenye viota vyao badala ya kuficha mayai vichakani. Vifaranga kumi na mmoja walikuwa wamekua bila hata mmoja kupotea. Mbolea ya kuku Wangui alimpelekea Jemutai kwa toroli, na sukuma wiki yake ikawa na majani mapana kama sinia.

Jumapili moja baada ya ibada, wanawake watano kutoka kanisani walikuja kuuona ua. Waliusukuma, waliutikisa, wakastaajabu.

"Baba Lewis, kumbe wewe ni fundi!" mmoja alisema.

Kang'ethe alitikisa kichwa. Aliwaonyesha Jemutai, aliyekuwa akipalilia ng'ambo ya kijia.

"Mimi nilishika nguzo tu," alisema. "Fundi ni yule pale. Nendeni mkamuulize."

Wote watano walivuka kijia.