Moto Ulioombwa Barabara ya Kangundo

Kilichotangulia ni harufu. Jumbe aliisikia kabla hajaona lolote: harufu ya lami iliyoyeyuka, ikipenya ndani ya gari kupitia mianya ya dashibodi, ilhali barabara ya Kangundo siku hiyo ilikuwa imepoa kwa mawingu. Kisha Pijo lake kuukuu likakohoa, likanyamaza, likaserereka kwa uzito wake mpaka pembeni na kusimama.

"Mbona umesimama?" akauliza Lela, mkewe, aliyejilaza kiti cha nyuma huku amekamata mpini wa mlango kwa mikono miwili.

"Sijasimama mimi. Limesimama lenyewe."

Walikuwa wametoka Tala kwa Fowsiya, dada yake Lela, walikokwenda kusalimia tu. Mimba ilikuwa haijatimiza miezi yake. Lakini uchungu ulimshika Lela wakiwa kwenye chai, na Jumbe akaona heri awahi hospitali ya wazazi iliyo karibu na kwao, Eastleigh. Sasa walikuwa hapa, kilima cha Komarock upande mmoja, nyasi tupu upande wa pili, na mbali huko mbele moshi wa jalala la Dandora umelala chini chini.

Akafungua boneti. Hakuwa fundi, alikuwa muuza leso, lakini mtu hakai na gari la umri ule asijue viungo vyake. Koili, kile kikopo cheusi kinachozipa plagi moto, ilikuwa imepasuka ubavuni na lami iliyojazwa ndani yake imechuruzika juu ya injini. Nyingine hakuwa nayo. Lori likapita bila kupunguza mwendo, kisha gari dogo, kisha barabara ikawa nyeupe. Ndani, Lela aliacha kulalamika akawa anahema tu, na kimya kile ndicho kilichomchanganya Jumbe. Akayageukia majani marefu ya kando, ambako hapakuwa na mtu wala mnyama, akasema kama anayezungumza na jirani:

"Yeyote anayenisikia, nipe moto. Moto tu, nifike."

Majani yakalala. Yakalala kwa mstari mmoja ukija upande wake, kana kwamba kuna kitu kizito kinapita juu yake, na upepo haukuwepo. Jumbe akahisi joto la tanuri usoni, kisha shingoni, kisha likapotea. Nyuma yake injini ikawaka.

Ufunguo ulikuwa mfukoni mwake.

Mtoto alizaliwa jioni ile, wa kike, mzima, wakamwita Mumina. Jumbe hakumweleza mtu yaliyotokea. Alijiambia kuwa waya zilikuwa zimegusana zenyewe. Gari liliendelea kuwaka kila alipokaa kwenye usukani, basi hakuifungua boneti tena, na koili mpya hakununua.

Nyumbani, cha kwanza kugoma kilikuwa kiberiti. Lela alitaka kupasha maji ya kumkogeshea mtoto, na njiti zikakwaruza na kukatika bila cheche. Jumbe akanunua kiberiti kingine dukani, akalaumu unyevu. Raho, jirani wa mlango wa pili, akaiwasha stovu kwake na kuileta inawaka. Ilizimika alipovuka kizingiti. Akarudi na makaa mekundu kwenye chetezo ili mtoto afukizwe ubani. Yakageuka meusi mikononi mwake, yote pamoja, kama macho yanayofumbwa.

"Nyumba yenu ina nini?" Raho alinong'ona. Akakiacha chetezo palepale, asirudi kukichukua.

Halafu usiku mmoja Lela akamwamsha mumewe. "Baba Mumina, hebu mguse."

Mtoto alikuwa baridi kama kata iliyotoka mtungini. Hakukohoa, hakuharisha, hakulia. Alinyonya kidogo na kulala. Muuguzi kliniki aliitazama themomita, akaikung'uta, akamtia tena, kisha akawaambia wamfunike vizuri, naye mwenyewe akijifunga sweta yake. Wakamfunika. Lela akamlaza kifuani mwake, ngozi kwa ngozi, mpaka yeye mwenyewe akaanza kutetemeka.

Alfajiri Jumbe alipotoka kwenda msikitini alipita kando ya gari, na ingawa halikuwa limeendeshwa tangu jana yake, ingawa umande ulikuwa umelowesha kuta na mawe yote ya kichochoro, bati la boneti lilikuwa kavu na la moto kiasi cha kumfanya aondoe kiganja haraka, na chini ya bati hilo kitu kilikuwa kinagonga taratibu, tik, tik, tik, na alipoinama na kutega sikio aliutambua mdundo ule, kwa sababu usiku kucha alikuwa ameweka sikio lake juu ya kifua cha mwanawe.

Msikitini hakufika. Alikaa kwenye ngazi mpaka jua likachomoza, ndipo akalipeleka gari kwa Burale, fundi wake wa siku zote, aliyekuwa na kiwanja cha kutengenezea magari nyuma ya soko.

Burale aliinua boneti injini ikiwa inanguruma. Akatazama. Akanyoosha mkono, akachomoa waya mnene wa koili na kuuinua juu ili Jumbe auone. Injini haikubadilisha hata sauti.

"Hii koili imekufa," alisema polepole. "Imekufa kitambo. Ndani hakuna kitu. Hii gari umeisukuma mpaka hapa?"

"Nimeiendesha."

Burale akaurudisha waya kama mtu anayemfunika maiti uso. "Jumbe, sisi ni marafiki. Itoe hapa kwangu. Halafu uende kwa shangazi yangu Batulo, umwambie kila kitu, usifiche."

Bi Batulo alikuwa mwanamke mtu mzima aliyewasomea wagonjwa mtaani kwa miaka mingi. Alifuatana na Jumbe mpaka nyumbani, akamsikiliza huku macho yake yako kwa mtoto.

"Ulisema maneno gani hasa?"

Jumbe akayarudia.

"Hukumtaja Mungu. Uliita yeyote, na yeyote akaja." Akaugusa mguu wa Mumina, akaurudisha ndani ya shuka. "Alikupa moto ufike. Na ulipofika, ulimwambia kuwa umefika?"

"Sikumwambia."

"Basi bado anakupeleka. Na moto wake anautoa kwenu, anaanza na aliye mchanga. Lirudishe gari pale pale, likiwaka hivyo hivyo. Utie mkono wako penye moto na umwambie."

"Nimwache mtoto na mama yake?"

"Mtoto aje. Joto lake limo humo ndani."

Lela alikuwa bado ndani ya arobaini yake ya uzazi. Alijitanda leso mbili, akamkumbatia bintiye, akaingia kwenye gari.

Wakaondoka alasiri, Bi Batulo akiwa mbele na tasbihi yake, midomo ikienda bila sauti. Kila walipopanda mwinuko injini ilivuta pumzi na kunguruma, na kila iliponguruma Lela alisema kutoka nyuma, "Anapoa." Jumbe akapunguza mwendo, gari halikupungua. Akaondoa mguu kwenye mafuta, likazidi. Dashibodi ilikuwa imeanza kulainika, na usukani ulimchoma vidole, huku pumzi ya Lela ikitoka mdomoni kama mvuke wa asubuhi ya Julai, na harufu ya lami ikawa nzito hata wakashindwa kuzungumza, na walipopita Njiru Lela hakusema tena kwamba mtoto anapoa, alisema, kwa sauti ndogo sana, "Amefumbua macho na hanitazami."

"Usisimame," alisema Bi Batulo. "Usisimame mpaka pale."

Pale palijionyesha penyewe. Mstari uliolala kwenye majani ulikuwa haujainuka.

Jumbe alizungusha ufunguo na kuuchomoa, na injini ikaendelea. Alifungua boneti, akang'oa waya, na injini ikaendelea. Koili iliyopasuka ilikuwa sasa nyekundu kama kaa la jikoni, na ndani ya mngurumo akasikia, au alidhani anasikia, kitu kikimuuliza kwa upole, kwa sauti ya dereva anayemjali abiria wake: Umefika?

Bi Batulo alikuwa akisoma aya kwa sauti sasa. Lela alikuwa akiita jina la mtoto.

Jumbe akaikamata koili kwa mkono wa kulia.

"Nimefika," akasema. Ngozi ilikuwa inalia kama mafuta kikaangoni, naye hakuachilia. "Nimefika. Chukua moto wako. Wa mwanangu uache. Nimefika."

Injini ikazimika. Mtu angesema mtu mkubwa ameshusha pumzi. Yale majani yakainuka moja baada ya jingine, kutoka barabarani kuelekea kilimani, mpaka pasionekane tena yanapoishia. Kisha ndani ya gari Mumina akalia, kilio kikali cha hasira na njaa, na Lela akaanza kucheka huku machozi yanamtoka, akisema, "Ana jasho. Baba Mumina, mtoto ana jasho."

Waliliacha gari hapo. Walirudi mjini kwenye lori la mchanga, na gari hilo Jumbe hakulifuata tena. Stovu ikawaka. Raho akaja kukichukua chetezo chake. Mkono ulipona upesi kuliko alivyotarajia daktari, ukabaki na makovu laini ya rangi ya lami.

Mumina alikuwa ameanza kutambaa jioni moja stima ilipopotea mtaa mzima. Mtoto alikuwa amesinzia mapajani mwa mamake.

"Nitazamie kiberiti hapo mezani," alisema Lela.

Jumbe akapapasa gizani. Vidole vyake vya kulia viligusa utambi wa kibatari, na utambi ukawaka.

Katika mwanga ule Lela aliutazama mkono, akamtazama mumewe, kisha taratibu, bila kumwamsha, akamhamisha Mumina kutoka paja la upande wa Jumbe na kumweka upande wa pili. Jumbe aliipuliza taa. Akautia mkono wa kulia chini ya paja lake, akaukalia, wakangoja stima irudi.